Tathmini ya sanduku la majaribio ya miamba na udongo linalouzwa Kigoma

Sanduku hili, linalouzwa mjini Kigoma kwa shilingi 85,000, limekusudiwa wanafunzi wa sekondari, na klabu ya sayansi ya shule yetu imelitumia kwa muhula mzima.

Kifaa chenye thamani kubwa ndani yake ni trei ndefu ya plastiki iliyogawanywa kati kwa kibao na kuinuliwa upande mmoja. Sehemu moja hujazwa udongo mtupu, nyingine udongo uliootwa na nyasi, kisha zote mbili humwagiliwa kwa kopo lenye matundu. Maji yanayopita penye nyasi hutoka karibu safi, ilhali yale ya udongo mtupu hutoka mekundu kama chai ya rangi. Maji hayo mekundu yakiwekwa katika chupa ya kioo iliyomo sandukuni, mchanga hutuama mara moja na udongo wa mfinyanzi huendelea kuelea hata siku ya pili, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno. Wanafunzi ambao kwao ni Ilagala, karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, walihusisha jaribio hilo na mto huo bila kuelekezwa, na kutoka hapo ikawa rahisi kueleza kwamba sakafu ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufikia mita 1,470, imebeba mashapo (mchanga na matope yaliyotuama) yenye unene wa kilomita kadhaa, kwa kuwa Bonde la Ufa limekuwa likididimia huku mito ikiendelea kulijaza.

Sehemu ya miamba imeandaliwa vibaya. Vipande vyake ni vidogo mno na vimebandikwa kwa gundi kwenye kadi, hivyo haviwezi kukwaruzwa wala kudondoshewa asidi, nazo ndizo njia za kwanza za kuvitambua. (Chupa ya asidi yenyewe ilifika imevuja nusu.) Tuliziweka kadi kando tukaenda ufukweni: magamba ya konokono wa ziwani yalitoa mapovu ya kaboni dayoksaidi yalipotiwa siki, na kokoto nyeupe za kwatzi zilikwaruza kioo cha chupa.

Jaribio la fuwele ni zuri. Tulitumia chumvi ya Uvinza, na maji yaliyokauka polepole kivulini yaliacha fuwele kubwa kuliko yaliyoanikwa juani, jambo linalosaidia kueleza kwa nini matale (mawe ya graniti), ambayo hutokana na miamba iliyoyeyuka na hupoa taratibu chini ya ardhi, yana chembe kubwa.

Kijitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa Kiingereza pekee, na mfano wake wa tetemeko la ardhi ni San Francisco mwaka 1906. Mwalimu wa hapa atalazimika kuongeza mwenyewe lile la Desemba 5, 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lililoanzia katika eneo la ziwa letu.

Muuzaji hukubali kuuza trei na chupa peke yake kwa shilingi 40,000, na kwa shule yenye bajeti ndogo ningependekeza agizo hilo badala ya sanduku zima.