Vifaa vya kurambazia sangara Ziwa Victoria: kipi ununue kwanza

Nilimpoteza sangara mkubwa karibu na miamba ya Ukerewe akiwa ameshafika ubavuni mwa boti. Alipanua mashavu, akatikisa kichwa mara mbili, mshipi ukalegea. Nilipovuta chambo ndani, ndoana ya nyuma haikuwepo. Kipete kilichoishikilia kilikuwa kimefunguka, ncha zake zimeachana upana wa punje ya mchele. Ile seti niliinunua kwa bei rahisi: fimbo, rili na vyambo sita ndani ya pakiti moja.

Kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti inayokwenda polepole, kunataka vitu vichache lakini imara. Mpangilio ninaowapa wanaoanza ndio huu, na fedha zako zifuate mpangilio huohuo.

Nambari moja: rili. Chukua rili ya ngoma, ile inayokaa juu ya fimbo, yenye uwezo wa kubeba mita 300 za mshipi. Hapo dukani funga nusu breki yake, yaani sehemu inayobana mshipi usitoke ovyo, kisha vuta mshipi taratibu kwa mkono. Ukitoka kwa ulaini, nunua. Ukitoka kwa kukwamakwama, irudishe, maana kila inapokwama ndipo mshipi unapokatika samaki akikimbia. Rili inayokaa chini ya fimbo ni ya pili kwangu. Inafaa kurusha chambo ufukweni, lakini kuburuta siku nzima huichosha mapema. Mshipi wa mkono uliozungushiwa kibao nauweka wa tatu, na siudharau: wazee wetu wamevua nao samaki wakubwa. Ila huna breki zaidi ya viganja vyako, kwa hiyo vaa glovu.

Breki usiikisie. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza na uvute; ianze kuachia kwenye robo au theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa pauni 50 unabeba takriban kilo 23, basi breki iachie kwenye kilo 6 au 7.

Nambari mbili: chambo, na hapa watu wengi hupoteza fedha. Wananunua rangi kumi za chambo kinachoelea juujuu, wakati sangara amekaa kando ya mwamba mita sita au nane chini. Nunua viwili tu, vyenye ulimi mrefu wa plastiki mdomoni, kwa sababu ulimi ndio unaokizamisha kikivutwa. Kwenye vyambo vya X-Rap Magnum vya kampuni ya Rapala namba ni kina kwa futi: 20 huenda takriban mita 6, na 30 takriban mita 9. Kwa maji ya kando ya visiwa ningeanza na 20. Chambo cha juujuu kinafuata, kwa alfajiri na kwenye maji mafupi. Kijiko cha chuma, yaani chambo cha bati chenye umbo la kijiko, nakiweka mwisho. Kinanasa samaki, lakini mwendo ukipungua kinazama na kushika mawe.

Ukishanunua, kijaribu kando ya boti. Kinatakiwa kwenda moja kwa moja huku ncha ya fimbo ikitetemeka. Kikivutia kushoto, pinda kidogo kuelekea kulia kile kitundu unachofungia mshipi. Halafu kagua vipete na ndoana. Kipete unachoweza kukifungua kwa ukucha kibadilishe siku hiyohiyo, uweke cha chuma kisichoshika kutu. Mimi huondoa pia ndoana za meno matatu na kuweka za jino moja, ili sangara aliye chini ya sentimita 50, ambaye sheria haikuruhusu kumchukua, arudi majini akiwa mzima.

Mshipi: nailoni ya pauni 50 kwa anayeanza. Inavutika, inasamehe makosa, na inavumilia mwamba kuliko uzi wa kusuka, ingawa wa kusuka ni mwembamba na hukishusha chambo zaidi. Mbele, kati ya mshipi huo na chambo, weka mita moja na nusu ya nailoni ya pauni 100. Sangara hana meno ya kukata, lakini mdomo wake ni msasa na vifuniko vya mashavu vinachana. Waya hauhitajiki.

Fimbo yoyote ngumu ya futi sita au saba inatosha.

Sasa boti. Kabla ya yote, jaketi okozi kwa kila aliyemo, na livaliwe, lisikaliwe. Dhoruba za ziwa hili huja ghafla. Boti ya mbao au ya faiba ya futi 18 hadi 20, na mashine ya farasi 15, inatosha kabisa. Mwendo ni kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Mashine ikikimbia hata ukiipunguza, buruta ndoo yenye matundu nyuma, kamba iwe fupi isifike kwenye propela.

Vishikio vya fimbo huna haja ya kuagiza. Kata bomba gumu la plastiki la inchi mbili, vifunge viwili kwa bolti kwenye ukingo wa boti, kimoja kila upande, vimelala kuelekea nje. Funga kila fimbo kwa kamba fupi. Nimeona fimbo ikiruka majini na rili yake. Chambo kimoja kiwe mita 30 nyuma, kingine 45, na ukate kona kwa upana, la sivyo vitasukana.

Angalia maboya. Chini yake kuna wavu au migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, ya mtu anayelisha familia, na ndoana yako ikipita hapo umemharibia usiku wake. Zunguka mbali. Leseni ya uvuvi kata kabla ya kutoka, na kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kina kibali chake.

Kifaa cha umeme cha kupima kina nakiweka mwisho kabisa. Jiwe la kilo moja kwenye kamba yenye fundo kila mita litakuonyesha mwamba unapoishia na kina kinapoanzia, na hapo ndipo pa kupitisha chambo.