Etymonline yapimwa kwa neno "gobbledygook"

Mfasiri akikutana na neno la Kiingereza "gobbledygook" huandika "upuuzi" au "porojo", akaendelea na kazi. Hayatoshi yote mawili. Porojo ni maongezi ya kupitisha wakati. "Gobbledygook" lahusu lugha ya kiofisi iliyorundikwa maneno mazito hata msomaji asijue ameambiwa nini. Tofauti hiyo huonekana ukijua neno lilivyozaliwa, na hapo ndipo Etymonline, kamusi ya bure ya mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza iliyoanzishwa na Mmarekani Douglas Harper, inapostahili sifa.

Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia. Utapata tahajia zake mbili (gobbledygook na gobbledegook), mwaka 1944 na jina la aliyelibuni: Maury Maverick, mwanasiasa wa Texas. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mwenyekiti wa Smaller War Plants Corporation, shirika la serikali ya Marekani lililosaidia viwanda vidogo. Tarehe 30 Machi 1944 alitoa waraka wa kupiga marufuku lugha hiyo, akatania kwamba atakayetumia maneno "activation" au "implementation" atapigwa risasi. Hilo la pili ndilo "utekelezaji" wetu, ambalo halikosekani katika ripoti za ofisi. Mlio wa neno aliuiga kwa bata mzinga.

Usiishie hapo, tafuta pia "maverick". Babu yake Maury, Samuel Maverick, alikuwa na ng'ombe huko Texas na hakujali kuwatia chapa. Ndama asiye na chapa akaitwa kwa jina lake, kisha jina likahamia kwa mtu asiyefuata mkumbo. Ukoo mmoja umeipa Kiingereza maneno mawili, na kamusi hii inayaonyesha yote.

Kasoro yake ni ufupi. Habari ya bata mzinga inapitiwa haraka mno, ilhali Maverick mwenyewe alieleza zaidi katika New York Times Magazine, Mei 1944: alimfikiria bata mzinga dume anayelia huku akitembea kwa maringo, na mlio wake ukiishia kwenye "gook". Maringo hayo ni nusu ya maana. Asiyeyajua atadhani neno lasema tu kwamba maandishi hayaeleweki, kumbe lamshutumu pia mwandishi kwa kujikweza.

Mwaka unaotajwa na kamusi nao husomwa vibaya. Ni mwaka ambao neno limeonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza, si mwaka lilipoanza kusemwa. Kwa gobbledygook hakuna shida, maana mbunifu anajulikana. Kwa maneno ya mitaani, ambayo huweza kusemwa miaka mingi kabla ya kuandikwa, andika "limeonekana katika maandishi", usiandike "lilizaliwa".

Matamshi na maana ya leo yatafute kwanza katika kamusi ya Merriam-Webster, nayo ni bure mtandaoni, ndipo uje Etymonline. Anayehitaji mifano ya matumizi yenye tarehe, mmoja baada ya mwingine, hana budi kwenda Oxford English Dictionary, ambayo ni ya kulipia. Kwa asili ya maneno ya Kiswahili, Etymonline haisaidii isipokuwa yale yaliyoingia Kiingereza, kama "safari", ambalo inalifuata hadi Kiarabu.

Katika tafsiri, "maneno mazito ya kiofisi" hubeba maana kuliko "upuuzi". Sentensi ikiruhusu, ongeza "ya kujikweza".