Jumamosi nne topeni: uzoefu wangu wa warsha ya mikoko na ardhi, Lamu

Kabla ya warsha hii nilikuwa nimeshapanda mikoko mara tatu, na mara zote tatu ikafa. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani nikalipe shilingi 500 kila Jumamosi, kwa Jumamosi nne, chakula cha mchana na nauli ya boti ikiwa ndani. Warsha inaendeshwa na kikundi cha wenyeji wa Amu, yaani mji wetu wa Lamu, kwa kushirikiana na maafisa wa misitu. Tulikuwa watu ishirini na wawili: wavuvi, wakata boriti za mikoko, walimu wawili, kina mama kutoka Kizingitini na Siyu, na sisi vijana wa mjini.

Mara ya mwisho kupanda, kabla ya hapo, tulikuwa vijana karibu sitini. Waliotualika walitugawia fulana na miche, tukapangwa mistari, picha zikapigwa, saa sita tukala wali na kurudi. Baada ya miezi mitano nilipita pale kwa dau la mjomba. Vilibaki vijiti vilivyokauka, vimesimama kwa mistari ileile tuliyopangwa. Hakuna aliyerudi kutueleza. Mimi nikajiambia basi, mkono wangu hauoti kitu.

Jumamosi ya kwanza tulipelekwa hapohapo, upande wa Matondoni. Boti ilituteremsha saa nne asubuhi, maji yamekupwa kabisa kwa kuwa lilikuwa bamvua, siku ambazo maji hupanda sana na kushuka sana. Mwalimu wetu wa siku ile alikuwa mzee aliyekata boriti tangu ujana wake. Hakutupa mche hata mmoja. Alitupa fito mbili na kanga kuukuu, akatuambia tuichane vipande na kuvifunga kwenye fito, kila kipande shubiri moja juu ya mwenzake. Fito moja tukaichomeka katikati ya miche iliyokufa, ya pili tukaichomeka umbali wa kutupa jiwe, palipo na mikoko mizima. Kisha tukaketi jamvini kungoja maji.

Kungoja kwenyewe kulikuwa darasa. Alitupeleka kwenye mizizi ya mikoko ile mizima akatuonyesha chaza walivyong'ang'ania, wakakoma mahali pamoja, mzizi baada ya mzizi, kana kwamba mtu amepiga mstari. Hapo ndipo maji yanapofika kila siku, akasema, chaza hawezi kuishi pasipo maji. Tuliporudi kwenye miche yetu alituambia tuvue viatu tukanyage. Udongo ulikuwa mgumu, na juu yake kuna ukoko mweupe wa chumvi uliovunjika chini ya nyayo kama kaki. Hapakuwa na shimo la kaa hata moja. Nilikanyaga pale siku ile ya fulana nisiuone ukoko ule, maana nilikuwa nimevaa viatu.

Saa kumi jioni maji yalikuwa yamejaa. Kwenye mikoko mizima vipande vitano vya kanga vilikuwa vimezama. Kwenye fito yetu ya kati ya miche iliyokufa maji yalilamba kipande cha kwanza, yakageuka. Mzee akanitazama mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimesema kwamba nilipanda pale. "Kama bamvua lenyewe ni hapa, mai mafu yafika wapi, mwanangu?"

Kwa asiyeijua bahari yetu: bamvua ni mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku za katikati ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa hiyo miche yetu ilinyweshwa siku chache tu za mwezi, na siku nyingine zote jua lilivukiza maji na kuiacha chumvi. Hata mkoko, ambao ni mti wa maji ya chumvi, hauhimili chumvi ya namna ile. Kisha tukafuata kijito kuelekea kinywani tukakuta sababu: tuta la mawe na udongo, lililojengwa zamani kupitishia mizigo, limekizuia kijito karibu chote. Kwa miaka yote hiyo watu walikuwa wakipanda juu ya jeraha bila kuligusa jeraha lenyewe.

Hilo peke yake, kwangu, lilitosha kuilipia warsha nzima. Nilikwenda nikidhani nitafundishwa kupanda. Nilifundishwa kuyasoma maji kwanza, na kwamba mara nyingi ukiyafungulia maji njia, bahari hubeba mbegu na kupanda yenyewe.

Mbegu nazo tulifundishwa, tena vizuri. Sisi wa mjini twaita yote mikoko, kumbe Kenya ina aina tisa, na kila moja ina kwake. Mlilana hukaa mbele kabisa kuelekea bahari, mizizi yake ya kupumulia ikichomoza topeni kama vigingi. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi, kisha muia na mkandaa. Mchu huonekana pande zote mbili, mbele na nyuma karibu na nchi kavu, maana huvumilia chumvi kuliko wenzake. Mbegu ya mkoko huanza kuota ingali mtini. Ikipevuka huonyesha pete ya manjano shingoni, na ukiizungusha kidogo inaachia yenyewe. Ukilazimika kuivuta, bado. Bi mmoja wa Kizingitini, aliyezoea kutafuta pweza na kaa, ndiye aliyekuwa na jicho la kuzitambua kutoka mbali. Alijaza kikapu sisi bado tunakisia.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya mazungumzo zaidi, na nataka kusifia jambo moja. Wakata boriti hawakuitwa waharibifu. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya nchi iko hapa Lamu. Lakini kabla na baada ya tangazo hilo mji wetu umejengwa nayo. Vyumba vya nyumba za mawe za Amu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti, hauwezi kuzidi. Majahazi yalipeleka boriti Arabuni kwa vizazi, mpaka kuuza nje kukapigwa marufuku. Wazee walitutajia ukubwa wote kwa mpangilio, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, na jinsi zinavyohesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mmoja wao alieleza marufuku ya kukata miti ya 2018 ilivyoikuta nyumba yake, watoto watatu shuleni na hana kazi nyingine. Alisema kwa sauti ya chini na hakuna aliyemkatiza. Afisa wa misitu akaeleza jinsi sheria ya misitu ya 2016 inavyoruhusu wanajamii kuunda chama na kusimamia msitu pamoja na KFS, shirika la serikali la misitu, kwa mpango ulioandikwa wa wapi pakatwe, ukubwa gani, na wapi paachwe papumzike. Mjadala ulikuwa mkali, lakini ulikuwa wa watu wanaoheshimiana.

Jumamosi ya tatu tulikwenda vilima vya mchanga vya Shela. Wengi huviona kama mahali pa matembezi. Mvua ikinyesha, mchanga ule huimeza, na maji matamu hukaa chini yake yakielea juu ya maji ya chumvi. Ndiyo yanayonywewa mjini. Ukijenga juu yake au ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda kutoka chini. Mama mmoja wa Shela alituletea maji ya visima viwili kwenye vikombe, tukaonja. Kimoja kitamu, cha pili kimeshaanza kubadilika. Sijawahi kuona somo fupi namna hiyo likaingia hivyo.

Ya nne ilikuwa hafifu. Mashamba ya upande wa Hindi, bara ya Lamu, yalipitiwa juujuu, na habari ya hewa ya kaboni, yaani kijiji kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu wake, ilipewa saa moja tu. Tulisimuliwa kuhusu Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, ambao tangu 2013 wanauza kaboni ya hekta 117 na fedha zikaenda kwenye maji na shule za kijiji. Kila mtu alitaka kuuliza zaidi. Nani anatia saini? Nani anashika fedha? Muda ukaisha.

Malalamiko yangu mengine niyaseme wazi, kwa kuwa nataka warsha iendelee. Ratiba iliandikwa na mtu wa ofisini. Jumamosi ya pili ilikuwa maji mafu, na asubuhi ile tulipangiwa kuzuru kijito saa nne, wakati maji yamejaa, tukakaa botini kwa muda wa saa mbili tukitazama majani. Wangeruka wiki moja kati ya siku za topeni wangepata bamvua kila safari. Karatasi tulizopewa zilikuwa za Kiingereza tupu, ilhali waliojua zaidi mle ndani hawakihitaji Kiingereza. Kina mama hawakuwekewa mahali pa kujisitiri kutwa nzima, na wawili hawakurudi kwa sababu hiyo. Na mvuvi alipouliza kuhusu mikoko iliyofyekwa kupisha bandari mpya, aliambiwa swali hilo si la leo. Ni la leo. Huwezi kumwambia mtu alinde kijito kimoja usimjibu kuhusu ghuba nzima.

Lakini walifanya kile ambacho wale wa fulana hawakufanya: walirudi. Idhini ya KFS ilichukua wiki saba, kwa kuwa pale ni msitu wa umma na huruhusiwi kuchimba kiholela. Ilipopatikana tulikuja kumi na wanne na majembe, tukafungua tuta mahali pawili na kuchimba mfereji usiozidi magoti kufuata njia ya zamani ya kijito. Kazi ya siku mbili. Hatukupanda kitu.

Mwezi uliopita, miezi minane baadaye, nilikwenda na yule mzee siku ya bamvua. Ukoko wa chumvi umeondoka kandokando ya mfereji, udongo umelainika, mashimo ya kaa yametapakaa. Tulihesabu miche 61 ya mchu na 9 ya mkandaa ambayo hakuna mkono wa mtu ulioipanda. Mingine itakufa, kaa huikata, na punda wa watu wamepita pale pia. Fito yetu ingali imesimama. Kipande cha tatu cha kanga kilikuwa kimelowa.

Unaweza kwenda ukiwa mvuvi, mkulima, mwalimu au mwenye kiwanja karibu na maji. Kwa mwenye kutaka cheti cha kuombea kazi, cheti kipo lakini ni karatasi ya ukurasa mmoja. Chukua maji yako ya kunywa, kofia na nguo ya kubadilisha, na usijali viatu, tope hilo linataka miguu mitupu. Kabla ya kulipa uliza Jumamosi zipi ni bamvua. Zikiwa zote nne zimepangwa mfululizo tena, waambie waibadilishe ratiba. Mimi nimeshawaambia, na dada yangu aliyejiandikisha wa awamu ijayo atawaambia pia.