Siku mbili na bundi wa Sokoke na mnana wa Clarke: lipieni ile ya pili

Wageni wengi wakija Watamu, pwani ya Kenya, wanalipia asubuhi moja tu ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wamuone bundi, wapige picha, warudi hotelini. Mie na mama mdogo tulilipia siku mbili na waongozaji wa huko huko, ya kwanza ya bundi wa Sokoke, ya pili ya mnana wa Clarke, ndege wa jamii ya kwera, kule msitu wa Dakatcha, na kama mfuko unaruhusu moja tu basi chukueni ya pili.

Siku ya bundi huduma iko juu sana. Mwongozaji alitupeleka ndani kwenye udongo mwekundu, vichaka vimeshikana, akatwambia tusubiri akaingia peke yake ameinama, dakika kama ishirini hivi kimya, kisha tukasikia mluzi tukaufuata. Wako wawili wamebanana kwenye kijiti usawa wa kifua changu, mmoja wa kijivu mwengine rangi ya kutu, yaani ndege mzima hana hata sentimita 20! Mmoja alipofungua jicho lake la manjano mwongozaji akaturudisha nyuma hapo hapo, umepiga picha hujapiga shauri yako. Hilo nililipenda mno.

Sasa mnana. Dereva tuliyetafutiwa na mtu mwengine kabisa alichelewa saa nzima, hiyo iliniuma kwa sababu ndege wanataka mapema, tukafika upande wa Marafa jua limeshapanda. Lakini mwongozaji wa pale, mzee wa Kigiriama, hakukata tamaa, tulizunguka chini ya miti ya mirihi tumeangalia juu mpaka shingo zikakakamaa, na kwenye saa tano ndo kundi likapita, vichwa vyeusi matumbo ya manjano, wanachokora magome wakitafuta wadudu, dakika tatu hawapo. Bundi angalau yuko pia Usambara Mashariki kule Tanzania, huyu nje ya Kilifi humpati popote duniani, na ametambuliwa na wataalamu tangu 1913 lakini kiota chake kikaja kuonekana 2013, kwenye dimbwi la msimu humo humo Dakatcha. Miaka mia!

Wote wawili wako hatarini kutoweka ila msitu wa bundi ni hifadhi ya serikali, una askari, Dakatcha sehemu kubwa ni ardhi ya wanakijiji na kabla hatujashuka garini tulishapishana na pikipiki tatu zimebeba magunia ya makaa. Mzee alitupitisha kwenye kisiki cha mrihi kibichi kabisa, akakipapasa, hakusema kitu. Pesa ya mgeni ikifika pale, mwenye shamba anapata sababu ya kuuacha mti usimame, mie sijutii hata shilingi.

Wapigieni waongozaji wenyewe, msipitie dalali, na gari litoke saa kumi na moja alfajiri, maji ya kunywa mengi. Mie narudi masika madimbwi yakijaa, mzee kasema atanipigia.