Kuchanganya RAM za Kampuni Mbili: Huduma Niliyoipata Kisumu

Kipakatalishi changu ni ThinkPad T480, toleo la mwaka 2018, nilichokinunua kikiwa kimetumika na chenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) moja tu ya Samsung ya gigabaiti 8, ambayo haikutosha kabisa kuhariri video za harusi. Duka la kwanza nililoingia lilishikilia kwamba RAM za kampuni mbili hazikai pamoja, likataka niitupe ile niliyokuwa nayo ninunue mbili mpya. Niliaga, nikaenda kwa fundi mwenye kibanda kidogo karibu na Oginga Odinga Street, na ndiye ninayemsifu hapa.

Kabla hajagusa bisibisi, aliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, akazima betri ya ndani, kwa sababu mashine hii ina betri mbili na kuchomoa ile ya nje pekee hakukati umeme. Alipofungua kifuniko cha chini, alinionyesha kibandiko cha RAM kwa kidole: DDR4, yaani kizazi cha nne cha RAM hizi, kasi 2400. Hayo, alisema, ndiyo ya kulinganisha. DDR3 ina pini 204 na DDR4 ina 260, kwa hiyo haziingii nafasi moja hata ulazimishe. Jina la kampuni halina uzito huo, kwani chipu zenyewe mara nyingi hutoka Samsung, SK Hynix au Micron, kibandiko kiwe cha nani.

RAM aliyokuwa nayo ilikuwa Kingston ya gigabaiti 8, kasi 3200. Aliniambia waziwazi, kabla sijalipa, kwamba kasi hiyo ya ziada sitaipata, kwa kuwa kichakataji changu kinakomea 2400 na RAM mbili hufuata mwendo wa iliyo ya polepole. Faida ingekuwa katika ujazo unaolingana, unaokiwezesha kichakataji kuzisoma zote mbili kwa pamoja, jambo linalosaidia sana picha na video.

Aliisukuma ndani kwa mshazari, akaibonyeza hadi vishikizo vikalia, kisha akawasha MemTest86, programu ya kupima RAM, kwa kuwa hutokea RAM mbili nzima zikagombana na mashine ikaganda. Nilirudi baada ya saa tatu; hitilafu sifuri. Huo ndio uangalifu ninaoulipia kwa moyo mmoja, na hadi leo, ikiwa ni mwezi wa pili tangu hapo, mashine haijaganda.

Dosari ni moja: risiti haikutaja muda wa dhamana. Nilipomwomba, aliuandika kwa mkono, pamoja na namba iliyo kwenye RAM.