Panga la Kutembea Nalo: Lipi Ununue, Lipi Uliache Dukani

Mtu akiniuliza anunue panga gani, namuuliza kwanza atatembea nalo umbali gani. Shamba langu la machungwa huku Muheza, mkoani Tanga, liko mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka barabarani. Njia ni ya miguu, inapita kwenye matete na kuvuka kijito mara mbili, na masika yakikolea majani huifunga ndani ya wiki. Panga linakuwa kiunoni au mkononi tangu alfajiri hadi jua linapopoa. Katika saa zote hizo, kukata kwenyewe hakufiki saa mbili. Muda uliobaki ni kubeba. Ndiyo maana wengi wananunua panga zito, wanalisifu siku ya kwanza, na baada ya mwezi limetundikwa ukutani, mtu anakwenda porini na fimbo tu.

Nimetumia mapanga ya kila aina kwa zaidi ya miaka 20, mengine ya kununua, mengine ya kurithi. Nayapanga hapa kwa jinsi ninavyoyapenda, nikimfikiria mtu wa shamba, mfuga nyuki, mpima ardhi, au yeyote anayepita vichakani kwa miguu yake mwenyewe.

La kwanza kwangu, na halina mpinzani wa karibu, ni panga jembamba la inchi 18 la chuma cha kaboni, lile watu wengi wanaloliita panga la Brazil. Tramontina ndilo jina linalojulikana zaidi. Ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911 katika mji wa Carlos Barbosa, kusini mwa Brazil, na mapanga yake yanatumika kwenye mashamba ya nchi nyingi za joto. Bapa lake lina unene wa milimita 2 hivi, na panga zima lina uzito wa takriban nusu kilo. Ukilishika mara ya kwanza utaliona kama kitu cha kuchezea. Usidanganyike. Panga jembamba linakata kwa kasi, halikati kwa uzito. Unalizungusha kwa kiganja, bega linapumzika, na tete linaanguka kabla hujasikia limekatwa.

Chuma chake ndicho ninachokipenda zaidi. Kimekazwa kiasi cha kushika makali, lakini hakikukazwa mno hadi tupa ishindwe kukila. Ukipiga jiwe kwa bahati mbaya, makali yanajikunja kidogo, hayamegeki kama kigae, na tupa inayanyoosha kwa dakika tano. Lina kasoro mbili. Linatoka kiwandani likiwa butu au limenolewa kwa haraka, kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kunoa. Pia linashika kutu upesi sana, hasa ukikatia migomba, kwa sababu utomvu wake unaacha madoa meusi na kutu inaanzia hapohapo. Limepakwa vanishi nyembamba ya kulikinga, lakini kazi inaitoa mapema.

Kwa nini inchi 18? Lenye inchi 24 ni la kufyeka uwanja mpana ukiwa umesimama wima. Njiani linagonga miti na mashavu ya miguu. La inchi 12 au 14 ni tamu kubeba, lakini linakulazimisha kuinama, na mkono unakaribia miiba. Inchi 18 ni sentimita 46 hivi. Mtu wa kimo cha kawaida akilishusha mkono ukiwa umenyooka, ncha haigusi ardhi. Mtu mfupi achukue 16, hatajuta.

La pili ni panga la mhunzi, lile linalofuliwa kwa springi ya gari. Nasema hivi kwa heshima kubwa. Springi ya lori ni chuma kizuri kuliko vyuma vingi vya dukani, maana kimetengenezwa kipinde mara maelfu na kurudi pale pale. Mhunzi anayejua kazi yake hukikata, akakifua kikiwa chekundu, kisha akakizamisha kwenye mafuta na kukipasha tena moto mdogo ili kisiwe kama kioo. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wana ufundi wa kurithishana wa kufua mikuki na visu. Nairobi, ukipita Kamukunji, kwenye karakana za wazi za mafundi wa jua kali, unasikia nyundo zao kabla hujawaona wenyewe. Kila mji wetu una kona kama hiyo.

Tatizo la panga la mhunzi ni mhunzi. Mmoja atakupa panga litakalorithiwa na wajukuu. Mwingine amekata springi kwa grenda, akatengeneza umbo, akapaka rangi, basi, wala hakulirudisha motoni. Muulize maswali mawili. Amelizamisha kwenye nini, na baada ya hapo amelipasha moto tena? Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa, na atakueleza mpaka uchoke. Akijibu kwamba chuma cha springi hakihitaji hayo, mshukuru na uende zako. Jambo jingine ni uzito. Mengi yana unene wa milimita 4 au 5 na yanakaribia kilo moja. Kwa kupasua kuni, kukata mianzi iliyokomaa au kuchonga nguzo, hakuna linaloyafikia. Kwa kutembea nayo siku nzima, kiuno kitakuambia. Mimi ningeliweka la kwanza kama ningekuwa nakata na kurudi nyumbani karibu.

La tatu ni panga la nembo ya mamba, la zamani. Ralph Martindale, kampuni ya Uingereza, ilituma Afrika mapanga yenye alama ya mamba kwa miongo mingi, na wazee wengi wanalitaja panga zuri kwa jina la mnyama huyo tu. Ukilikuta la zamani kwa mzee anayeuza vyombo vyake, lichukue hata kama limechakaa kutu. Kutu ya juu inatoka kwa msasa na mafuta. La babu yangu limenolewa miaka mingi hadi bapa limebaki nusu ya upana wake, na bado linakata dafu. Kwa lile jipya la dukani lenye mamba, usiamini alama peke yake. Lipime kama utakavyolipima jingine lolote, kwa njia nitakazozieleza hapo chini.

Sime naiweka ya nne, na najua wapo watakaonikasirikia. Sime ya Kimaasai ni kitu kizuri kukitazama na chepesi mno kukibeba: imenolewa pande zote mbili, nyembamba karibu na mpini na pana kuelekea ncha, ndani ya ala yake nyekundu ya ngozi. Mchungaji anayekata matawi kwa ajili ya ng'ombe, anayechinja, anayechonga fimbo, hahitaji kingine. Ila makali ya pande mbili yanataka mkono uliokua nayo. Huwezi kuuegemeza mgongo wa sime kwenye kiganja, wala kuupiga kwa gogo ili ipasue kuni, kwa sababu mgongo haupo. Kama hukulelewa na sime, anza na panga.

Mapanga ya bei ya chini kabisa, yale yanayong'aa kama kioo na kupangwa chini kwenye turubai siku za gulio, ni ya mwisho. Mwaka fulani nilinunua moja kwa haraka, kwa kuwa langu nililisahau kwenye basi. Siku ya tatu nilikuwa napunguza matawi ya mchungwa, nikapiga tawi nene kidogo kuliko kidole gumba, nikaona mkono unarudi na mpini mtupu. Bapa liliruka hatua nne na kujikita kwenye udongo karibu kabisa na alipokuwa mwanangu wa kiume akiokota machungwa. Sikumwambia kitu. Nilikwenda kulichomoa, nikaliangalia: mkia wa chuma uliingia kwenye mpini kwa urefu wa kidole tu, ukashikwa na ribiti mbili nyembamba kama vijiti vya kiberiti. Tangu siku hiyo sinunui panga bila kuangalia mkia.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyolipima dukani. Angalia nyuma ya mpini: chuma kinapaswa kuonekana hadi mwisho, kikiwa katikati ya vipande viwili vya mti au plastiki, na ribiti ziwe tatu au zaidi, zimelala sawa na mpini. Pitisha kidole juu yake. Ribiti iliyochomoza itakutoa malengelenge kabla ya saa nne asubuhi. Kisha ning'iniza panga kwa vidole viwili kwenye mpini na ulipige bapa kwa ukucha. Lililo zima linalia na mlio unabaki kidogo. Lenye ufa au ribiti zilizolegea linatoa sauti iliyokufa. Halafu ingiza ncha kwenye ufa wa ubao, ulipinde kidogo kwa uangalifu, uachie. Likibaki limepinda, lirudishe kwa mwenye duka, chuma chake ni laini. Mwisho, kama muuzaji anaruhusu, gusa makali kwa tupa. Tupa ikiteleza bila kuuma, chuma kimekazwa mno na kitamegeka. Ikizama kama kwenye mti, hakitashika makali. Unataka iume, lakini kwa kukwaruza.

Usivutwe na mng'ao. Panga la chuma kisichoshika kutu linafaa jikoni na kwenye mashua ya baharini, lakini mengi ya bei yetu hayakai na makali shambani. Na mpini: wa mti mgumu unatulia mkononi na hauchomi kiganja, ila mvua ikiingia unavimba na kukauka hadi ribiti zinalegea. Wa plastiki hauna shida hiyo, lakini ukitoka jasho unateleza. Mimi huchukua wa mti, nikaupaka mafuta ya alizeti mara mbili kabla ya kuutumia.

Pesa uliyookoa kwa kutonunua panga kubwa, nunua tupa. Nasisitiza tupa, siyo kulipeleka kwa fundi wa grenda. Grenda inachoma: ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, chuma kimefika takriban nyuzi 300 za Selsiasi na ukakamavu wake umekwenda, halitakata tena vizuri hadi sehemu hiyo iliwe yote. Tupa ya inchi 8, panga limebanwa kwenye gogo kwa goti, unasukuma kuelekea makali kwa mlalo wa nyuzi 20 hadi 25 kila upande, mkono mbali na njia ya makali. Mara kumi upande huu, mara kumi ule.

Kuna watu wananunua panga kwa hofu ya nyoka na wanyama, na hao nataka kuwaambia wazi. Swila anatema sumu hadi mita 2 au 3, na koboko ana kasi kuliko mkono wako. Kumsogelea kwa panga la nusu mita ni kumpelekea mkono. Nyoka ukimwona, rudi nyuma taratibu, mwachie njia. Buti na fimbo ndefu ya kugongagonga majani vinakulinda kuliko chuma chochote. Kwa nyati au tembo panga ni kama huna kitu. Ndani ya hifadhi za taifa usiingie nalo bila ruhusa. Na mjini, sheria za adhabu za Kenya na Tanzania zinakataza kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutisha watu bila sababu halali, kwa hiyo kwenye basi panga lifungwe kwenye gunia, makali ndani, likae na mizigo.

Ala ndiyo watu wanayoisahau. Ya ngozi nzuri inagharimu, lakini kuna njia ya bomba la maji la plastiki. Kata kipande chenye urefu wa bapa na ziada ya vidole vinne, kipashe moto juu ya makaa bila kukigusisha, kigeuzegeuze hadi kilegee kama ngozi mbichi. Fanya hivyo nje, usivute moshi wake. Kibane katikati ya mbao mbili, ndani yake ukiwa umeweka kipande cha ubao kinachozidi kidogo unene wa panga, kisha mwagia maji ya baridi. Toboa tundu dogo chini ili maji ya mvua yatoke, na mawili upande wa juu kwa ajili ya kamba ya kiunoni. Yangu ina miaka sita sasa. Kila jioni, kabla ya kulirudisha panga ndani, nalifuta kwa kitambaa chenye mafuta, na kitambaa hicho kinakaa hapohapo, kimefungwa kwenye kamba ya ala.