Nimenunua albamu halali, redio ya gari imeitema

Muziki wa albamu hii nitausifia, maana unastahili. Ila kwanza nimalizane na huo ulinzi wa kuzuia kunakili ambao kampuni ya muziki imeuweka ndani ya CD, kwa sababu tangu niinunue sijatulia.

Kazi yangu hapa Ujerumani ni ya kushinda barabarani, na muziki nausikilizia garini. Nilitoka dukani, nikachana nailoni palepale maegeshoni, nikaisukuma CD kwenye redio. Ikazunguka, ikakwaruza krr, krr, kioo kikaandika ERROR, ikatemwa. Nikaifuta kwa fulana nikairudisha. Ikatemwa tena. Nikaweka CD yangu ya taarab, ya zamani, imejaa mikwaruzo tangu nije nayo kutoka Dar: ikapiga mpaka mwisho.

Kwenye kompyuta ndiyo balaa. Likajifungua dirisha, likanitaka nikubali masharti marefu na kuingiza programu yao ndipo nisikilize. Nimekataa, na sababu ninayo. Mwishoni mwa 2005 kampuni nyingine, Sony BMG, ilibainika kuwa baadhi ya CD zake zina XCP, programu ya kuzuia kunakili inayojificha ndani ya Windows. Aliyeifichua ni Mark Russinovich, mtaalamu wa Windows. Faili lolote ambalo jina lake linaanza na $sys$ lilikuwa halionekani tena, na watengeneza virusi wakajipatia maficho ya bure. CD zikaondolewa madukani. Baada ya hayo, mtu anitake nibonyeze “nakubali” kwa sababu tu nimenunua nyimbo?

Hii yangu inatumia mbinu nyingine: makosa yamepandikizwa makusudi kwenye data ili kompyuta ichanganyikiwe. Redio nyingi za magari zinazopiga CD zinaisoma kwa mtambo wa aina ileile ya kompyuta, kwa hiyo nazo zinachanganyikiwa. Philips, waliobuni CD pamoja na Sony, walishasema diski za namna hii hazifuati kanuni za CD na hazistahili kubeba ile nembo ya Compact Disc. Nikageuza kasha. Kweli, nembo haipo! Lipo onyo dogo nyuma, la maandishi kama sisimizi, kwamba “huenda” isipige kwenye baadhi ya vifaa.

Nikairudisha dukani. Kijana wa kaunta hata hakuishika. Akasema imeshafunguliwa, hairudishwi. Nikamwambia bwana, bila kuifungua ningejuaje kama haipigi? Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika foleni nzima, “Kwani wewe ulitaka kuinakili?” Watu wakageuka kunitazama. Risiti ninayo mkononi, nimelipa bei kamili, halafu naulizwa kama mwizi mbele za watu! Hilo ndilo lililoniuma kuliko pesa yenyewe.

Haya, sifa. Deki kubwa ya sebuleni imeipiga bila tatizo, na niseme ukweli, jioni ile nilisahau hasira zote. Besi limekaa mahali pake, waitikiaji wanaingia taratibu, na wimbo wa nne niliurudia mpaka mke wangu akauliza kama CD ina wimbo mmoja tu. Nilikuwa tayari kuandika kwamba inunueni, msijali hayo mengine. Msanii huyu hajawahi kufanya kazi nzuri hivi, na sidhani kama yeye ndiye aliyeomba mashabiki wake wafungiwe.

Kisha nikampigia mdogo wangu Dar. Albamu anayo tayari! Kaipata Kariakoo kwa muuza CD wa barabarani, nakala ya kuchoma, jina la msanii limeandikwa kwa kalamu. Inapiga kwenye daladala ya rafiki yake, kwenye kompyuta ya ofisini kwao, kila mahali. Sasa huo ulinzi umemzuia nani? Aliyenakili anasikiliza kwa raha zake, mimi niliyelipa naendesha gari kimya.

Kwa hiyo nafuta nilichotaka kuandika. Msiinunue CD hii, hata mkiipenda kama ninavyoipenda, mpaka watoe iliyo safi. Na mkiwa dukani geuzeni kasha mtafute ile nembo kabla hamjatoa pesa. Mimi narudi kule na risiti yangu, safari hii namtaka meneja, na yule kijana awepo anisikie.